Mtu wa Hesabu Aliyekubali Kusikiliza



Jumamosi moja jioni niliketi benchi la nyuma kanisani, nikiwasikiliza wanakwaya wakijifunza wimbo wa ibada ya kesho yake. Sauti ya kwanza waliijua kazi yao. Besi walikuwa imara. Lakini kila walipofika mahali fulani katikati ya ubeti, wimbo uliharibika. Mwimbishaji aligonga noti kwenye kinanda akasema, "Sauti ya pili, noti yenu ndiyo hii." Wakaimba, na kwa kweli walikuwa juu ya noti ile ile. Hata hivyo haikupendeza. Ndipo mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akipanga viti akasema, "Mwalimu, hebu funga kinanda kidogo. Waambie wasikilizane." Kinanda kikafungwa. Wakaanza tena, na safari hii wimbo ukatulia kama maji mtungini.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilimkumbuka mtu mmoja aliyeishi Uingereza zaidi ya miaka 700 iliyopita. Mtu huyo alikuwa mtawa. Alikuwa pia bingwa wa hesabu, mjuzi wa nyota, na mwalimu wa elimu ya muziki. Aliitwa Walter Odington, na kwa jina la nyumba yake ya watawa aliitwa Walter wa Evesham. Yale aliyoyasema mzee wetu kwa maneno mawili, Walter aliyaandika kitabuni karibu na mwaka 1300. Leo nataka tumtazame mtu huyu, maana ana jambo la kutufundisha sisi tunaoimba, na hata sisi ambao hatuimbi.

Evesham ni mji mdogo katika jimbo la Worcestershire, mahali ambapo mto Avon hupinda ukauzunguka mji karibu pande zote. Nyumba ya watawa ilijengwa pale mwanzoni mwa karne ya 8, na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Askofu Ecgwine wa Worcester. Watawa wake walikuwa Wabenedikto, yaani watu wa shirika linalofuata kanuni za Benedikto, zilizoandikwa Italia katika karne ya 6. Shirika hilo liko hata leo. Jirani zetu wa Tanzania wanawafahamu watawa wake wa Peramiho na Ndanda.

Msidhani kwamba nyumba ile ilikuwa mahali pa raha isiyojua shida za dunia. Tarehe 4 Agosti 1265 vita vikali vilipiganwa karibu kabisa na kuta zake, kati ya jeshi la mfalme na watu wa Simon de Montfort, mkuu aliyekuwa amemwasi mfalme Henry wa Tatu. Simon aliuawa siku hiyo, na mabaki ya mwili wake yakazikwa katika kanisa la watawa. Katika miaka iliyofuata vita hivyo, ndani ya nyumba hiyo, Walter alifanya kazi yake.

Na kazi ya kwanza ya mtawa ilikuwa nini? Ilikuwa kuimba. Kanuni ya Benedikto iliwaagiza watawa wakutane kanisani mara saba mchana na mara moja usiku, na katika kila juma waimalize Zaburi yote, yaani zaburi 150. Hebu fikiri, ndugu msikilizaji. Mtu aliyeishi hivyo miaka 30 alikuwa ameimba kitabu cha Zaburi zaidi ya mara 1,500. Kwake muziki ulikuwa kama jembe lilivyo kwa mkulima.

Lakini ili kuimba kwa wakati uliowekwa, ilikupasa kuujua wakati. Siku zile saa za mitambo ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuonekana katika makanisa makubwa. Tangu zamani watawa walizoea kutazama nyota ili wajue kama saa ya sala ya usiku imewadia. Kisha palikuwa na Pasaka. Pasaka huadhimishwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Kwa hiyo mtu asiyejua hesabu za jua na mwezi hakuweza kuliambia kanisa siku ya kuuadhimisha ufufuo. Ndiyo sababu katika vyuo vya wakati ule hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota zilifundishwa kama ndugu wanne wa nyumba moja. Sisi tunashangaa kusikia kwamba mtu mmoja alikuwa mwanamuziki na mjuzi wa nyota pia. Wao wasingeshangaa.

Walter alitengeneza kalenda kwa ajili ya nyumba yake ya Evesham, inayoanzia mwaka 1301. Mwaka 1316 alikuwa Oxford akishughulika na hesabu za nyota. Aliandika pia juu ya ile elimu ya kale ya kugeuza madini, ambayo watu wenye akili nyingi waliiamini wakati huo. Yeye, kama wenzake wote, alidhani kwamba jua na sayari huizunguka dunia. Kitabu cha Copernicus kilichoyapindua mawazo hayo kilichapishwa mwaka 1543. Basi hatumtazami Walter kama mtu asiyekosea. Tunamtazama kwa jambo moja alilolifanya vizuri.

Ili mlielewe jambo hilo, nawaomba mnivumilie kidogo kwa hesabu. Si ngumu.

Chukueni uzi mmoja wa zeze, mrefu sentimita 81, uliokazwa vizuri. Upigeni, na sauti yake tuiite do. Mkiubana katikati na kuipiga nusu yake, mtapata do ya juu. Mkiacha theluthi mbili zilie, mtapata so. Mkiacha robo tatu, mtapata fa. Mambo haya yalijulikana tangu Wayunani wa kale, na jina la Pythagoras hutajwa nayo. Wazee wale walistaajabu kuona kwamba sauti zinazopatana zina hesabu fupi na safi: 2 kwa 1, 3 kwa 2, 4 kwa 3. Boethius, msomi wa Roma aliyefariki karibu na mwaka 524, aliwarithisha Wakristo wa Ulaya elimu hiyo, na kwa muda wa miaka mingi neno lake lilikuwa kama sheria.

Sasa shida ilikuwa hapa: mi je? Kwa hesabu za wazee, hatua moja, kama kutoka do kwenda re, ni 9 kwa 8. Hatua mbili, yaani do hadi mi, zinakuwa 81 kwa 64. Kwa uzi wetu wa sentimita 81, mtauacha ulie sentimita 64 tu, na hiyo ndiyo mi ya vitabuni. Hesabu ya 81 kwa 64 si fupi wala si safi. Basi wasomi wakahukumu kwamba do na mi hazipatani sawasawa. Vitabu vilisema hivyo, na waalimu wakafundisha hivyo.

Lakini waimbaji wa Uingereza walikuwa wakiimba do na mi pamoja, tena kwa furaha. Mwandishi mmoja wa karne ya 13, ambaye kazi yake haikubeba jina lake, anasimulia kwamba katika nchi ya magharibi ya Uingereza mapatano hayo yalihesabiwa kuwa bora kabisa. Evesham iko upande huo huo. Na katika mji wa Worcester, usio mbali na Evesham, zimesalia kurasa za nyimbo za wakati ule, na mapatano ya namna hiyo yamejaa ndani yake.

Basi mtu wa hesabu afanye nini? Mbele yake kuna kitabu cha mabingwa kinachosema sauti hizi zinagombana. Nyuma yake kuna ndugu zake, watawa na waimbaji, wanaziimba na masikio yanafurahi. Njia iliyo rahisi ilikuwa kuwaambia waimbaji, "Ninyi hamkusoma; nyamazeni." Njia nyingine iliyo rahisi ilikuwa kukitupa kitabu na kusema hesabu hazina maana. Walter hakufuata njia hizo mbili.

Katika kitabu chake juu ya elimu ya muziki alilipima jambo lenyewe. Aliona kwamba 81 kwa 64 iko karibu sana na hesabu nyingine iliyo fupi na safi, nayo ni 5 kwa 4. Maana 5 kwa 4 ni sawa na 80 kwa 64. Tofauti ni ile ya 81 na 80 tu! Kwenye uzi wetu mi ya vitabuni ni sentimita 64, na ile iliyo tamu ni sentimita 64 na milimita 8. Tofauti ni upana wa ukucha wa kidole kidogo. Akaona pia kwamba ile nafasi fupi zaidi, kama kutoka la hadi do, iko karibu na 6 kwa 5. Kisha akaeleza kwamba hata kama mapatano hayo hayaonekani katika hesabu walizopokea, sauti za wanadamu kwa ustadi wake huyaongoza hadi yawe mchanganyiko mtamu.

Mnaona alivyofanya? Alikubali kwamba waimbaji walikuwa wamefika kwenye kweli kabla ya vitabu. Hawakujua kugawanya 81 kwa 64. Lakini walipoimba, kila mmoja aliisikiliza sauti ya mwenzake, akaisogeza yake kidogo, hata zikakaa pamoja. Mtu wa hesabu akawasikiliza, kisha akarudi kwenye hesabu zake akatafuta sababu. Hesabu nazo hazikumwangusha, maana 5 kwa 4 ilikuwepo tangu mwanzo wa uumbaji, ikingoja mtu wa kuisikia.

Ndugu wanakwaya, jambo hili lipo nanyi hata leo. Vinanda vyetu vya kisasa hutengenezwa kwa namna ambayo mi hukaa juu kidogo kuliko ile ya 5 kwa 4, ili chombo kimoja kiweze kupiga nyimbo za kila ufunguo. Mkiimba bila kinanda, na mkiwa mnasikilizana, mara nyingi mi huteremka yenyewe kidogo na kukaa mahali pake. Yule mzee aliyepanga viti hakusoma kitabu cha Walter. Lakini sikio lake lilikuwa limesoma.

Kitabu hicho kina sehemu sita. Walter anaanza na hesabu, anakwenda kwenye mapatano ya sauti, kisha anaeleza vipimo vya mabomba ya kinanda cha kanisani na vya kengele. Baada ya hapo anazungumza juu ya mizani ya mashairi, juu ya nyimbo za kanisa za sauti moja, na mwishoni juu ya nyimbo za sauti nyingi. Nitataja mambo mawili ya sehemu hiyo ya mwisho.

La kwanza ni juu ya urefu wa noti. Walter anasimulia kwamba kwa watungaji wa zamani noti ndefu ilikuwa na mapigo mawili tu, kama ilivyo katika mashairi, lakini baadaye ilipewa mapigo matatu, kwa mfano wa Utatu Mtakatifu, ambao ndio ukamilifu wenyewe. Watu wale hata walipohesabu mapigo ya wimbo walimfikiria Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu.

La pili ni wimbo wa kupokezana. Waimbaji watatu wanaanza pamoja, kila mmoja na kipande chake. Kisha wanabadilishana. Alichokiimba wa kwanza anakichukua mwingine, na cha huyo kinakwenda kwa wa tatu, hata mwisho kila mmoja ameimba vipande vyote. Katika wimbo wa namna hiyo hakuna anayesema, "Hiki ni changu peke yangu." Aliye juu sasa hivi atakuwa chini baada ya muda kidogo, na aliye chini atapanda.

Walter mwenyewe hakupata sifa kubwa. Waandishi waliokuja baadaye walimchanganya na mtawa mwingine, Walter wa Eynsham, ambaye mwaka 1228 alichaguliwa na watawa wa Canterbury kuwa Askofu Mkuu, na Papa akaukataa uchaguzi huo. Hivyo kwa muda mrefu mtu wetu alivikwa maisha yasiyokuwa yake. Mwaka 1540, katika siku za mfalme Henry wa Nane, nyumba ya watawa ya Evesham ilifungwa na kanisa lake kubwa likabomolewa. Leo msafiri ataona pale mnara wa kengele uliojengwa miaka michache tu kabla ya kufungwa kwake, pamoja na mabaki machache.

Lakini kitabu hakikupotea. Nakala yake imehifadhiwa Cambridge, katika maktaba ya Chuo cha Corpus Christi. Maktaba hiyo hujulikana kwa jina la Matthew Parker, Askofu Mkuu wa Canterbury tangu mwaka 1559, mmoja wa viongozi wa Matengenezo ya Kanisa katika Uingereza, aliyekusanya vitabu vingi vilivyotawanyika wakati nyumba za watawa zilipofungwa. Pengine msikilizaji atauliza, "Sisi Waprotestanti tuna nini na mtawa wa kale?" Parker hakuwa mtawa, wala hakutaka nyumba zile zirudi. Lakini alijua kwamba kuitengeneza nyumba si kuchoma kila kilichomo. Katika karne ya 18 Charles Burney, mwandishi wa historia ya muziki, alikisoma kitabu cha Walter akakisifu sana, na mwaka 1864 kikachapishwa Ufaransa ili wasomi wote wakione.

Sasa, wapenzi, tujiulize. Tofauti ya 81 na 80 ni ndogo, lakini inatosha kuharibu wimbo. Na kosa dogo lisiposikilizwa hukua. Ile kalenda ya kale ambayo Walter na wenzake waliitumia iliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na saa 6. Kumbe mwaka wa jua ni mfupi kuliko huo kwa dakika kama 11. Dakika 11 ni nini? Ni muda wa kuchemsha chai. Lakini kufika siku za Walter dakika hizo zilikuwa zimekwisha kuwa siku zaidi ya 7, na Pasaka ilikuwa inapotea njia. Mtawa mwingine wa Uingereza, Roger Bacon, alikuwa amemwandikia Papa juu ya jambo hilo mwaka 1267. Hakusikilizwa. Kalenda ilitengenezwa mwaka 1582, baada ya miaka 315, na Uingereza yenyewe ikakubali mwaka 1752, ikalazimika kuruka siku 11 kwa mara moja.

Katika nyumba zetu na makanisa yetu mambo huwa hivyo hivyo. Baraza la wazee lina katiba mkononi, na kila kifungu ni sahihi. Mwalimu ana kitabu, baba ana neno lake la mwisho nyumbani. Kila mmoja yuko juu ya noti yake. Hata hivyo wimbo haupendezi, na tunashindwa kuelewa ni kwa nini. Labda kuna vijana walioketi nyuma ambao wamesikia jambo tusilolisikia. Labda kuna mama anayenyamaza kwa sababu kila mara alipoliona kosa dogo aliambiwa kwamba hakusoma. Kwa miaka mingapi tutaendelea kukigonga kinanda na kusema, "Noti yenu ndiyo hii"?

Mtume Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza mlango wa 14, asema kwamba ataimba kwa roho, na kwa akili pia. Walter alikuwa mtu wa akili, na akili yake haikumzuia kusikiliza. Katika Waefeso mlango wa 5, mstari wa 19, Mtume anazungumza juu ya zaburi, tenzi na nyimbo; kisha katika mstari wa 21, kabla hajapumzika, anawaagiza waaminio wanyenyekeane wao kwa wao katika kicho cha Kristo. Mambo hayo mawili hayakuwekwa jirani bure. Asiyemnyenyekea mwenzake hawezi kuimba naye. Ataimba kando yake tu.

Na Ayubu mlango wa 38 hutukumbusha kwamba dunia ilipowekwa misingi yake, nyota za asubuhi ziliimba pamoja. Neno ni pamoja. Mungu aliyezihesabu nyota ndiye aliyeziweka 5 na 4 ndani ya uzi wa zeze, na ndiye aliyetupa masikio ya kumsikia jirani.

Juma hili, ndugu yangu, kabla hujamsahihisha mtu, mnyamazie kidogo umsikilize. Huenda yuko karibu na kweli kuliko wewe kwa upana wa ukucha.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyeumba mbingu kwa hesabu na kuwapa watu sauti, tufundishe kusikilizana. Pale tulipo na haki bila upendo, tusogeze kidogo. Pale tulipowadharau wadogo waliosikia sauti yako kabla yetu, utusamehe. Utufanye kwaya moja, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.